Pingu Laini

Jumatatu haina wateja. Njia ya milimani imelowa,
majani ya mialoni yameziba mtaro mbele ya duka,
nami nahesabu kulabu ninapomwona Arletta Stiltner
akiingia kwa ubavu, mkoba kifuani,
kama mtu anayerudisha kitu kibovu.

Anamwaga mezani mikanda miwili mipana,
ile isiyochuna gome la mti,
na machela ya rangi ya chai ya maziwa.
"Nataka cha kuunganishia hiki na hiki.
Kilichokuwepo nimekitupa mtoni."

Basi natandaza mali.
Hii, mama, kulabu ya alumini, ina mlango na springi;
ikifunga inalia ta! hata gizani utajua.
Hii ni kama pacha wake, ila ni ya kubebea funguo:
soma ubavuni, herufi ndogo kama chawa. Usiilalie.
Bizimu hurekebishwa kwa kidole kimoja,
lakini mvua ikinyesha na ukanda ukiwa mpya
huteleza usiku kucha, pole pole, bila kuaga;
umelala hewani, unaamka na mizizi mgongoni.
Pete mbili za titani: nyepesi, hazina maneno,
na maji yanayofuata ukanda hudondokea hapo
yasikufikie shingoni.

Vijana wanaopita hapa hupima kila kitu kwenye mizani yangu.
Mmoja alikata mpini wa mswaki apunguze mzigo,
kisha akanunua nusu kilo ya chokoleti.
Arletta hacheki. Anauliza habari ya uzito.
"Wa kulabu?"
"Wangu. Sasa ni wangu tu."

Hapo maneno ya kuuzia yakaniishia.
Mji huu mdogo; sote tulijua.
Verlin, Septemba ya mwaka juzi, kambi ya juu,
maili sita kutoka barabarani.
Moyo ulisimama kabla uji haujachemka.
Waokoaji walikata fito mbili,
wakazipitisha kwenye machela hii hii aliyoilalia,
wakamteremsha kwa zamu, bega hadi bega,
na machela ya usingizi ikawa machela ya kuchukulia:
jina halikubadilika, wala kitambaa.

Nikarudi kwenye hesabu, maana hesabu haioni haya.
Mkanda ukishuka kwa pembe ya digrii thelathini,
kila mti hupokea uzito wako mzima.
Uvute unyooke kama uzi wa mwashi,
mzigo unakaribia mara mbili, chuma kinalalamika.
"Kwa hiyo aliyelegeza ndiye salama," akasema.
Sikumjibu. Niliandika kilo zake nyuma ya risiti.

Mwishowe alichagua nilichokisahau droo ya chini:
kitanzi cha uzi uliosokotwa, chembamba kama kidole cha mwisho,
hakina chuma hata chembe.
Upande huu jicho, upande ule fundo;
fundo hupita jichoni, jicho hubana,
na kadiri unavyolemea ndivyo kinavyoshika.
Mabaharia hukiita pingu laini, nikamwambia.
"Pingu," akarudia, na kwa mara ya kwanza akacheka.
"Nilivaa moja miaka arobaini na mmoja.
Nayo haikuwa ya chuma."

Dola kumi na nne, jozi. Hakupunguziwa, hakuomba.
Ila aliomba kujaribu, pale pale,
kati ya nguzo ya mlango na nguzo ya rafu ya viatu.
Fundo la kwanza alilikosea. La pili nalo.
La tatu lilipita, akavua buti, akaketi,
akainua miguu mmoja mmoja kama anayeingia maji baridi.

Uzi ulitoa mlio mdogo, wa kukaza, kisha kimya.
Mteja akachungulia mlangoni, akaona, akarudi nje kwenye mvua.
Nilisimama upande wa miguuni,
mkono juu ya fundo,
si kwamba sikuliamini.